Kuotesha Mimea Pasipo Udongo
Hotuba ya Katibu katika Mkutano wa Sherehe, Nduguti



Katika sherehe hii ya miaka kumi ya Chama chetu, wengine watasema habari za alizeti, vitunguu na mizani. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeombwa tujibu swali linaloulizwa kila kiangazi: je, mmea waweza kukua pasipo udongo?

Waweza, wala si uganga. Mmea hauli udongo. Huhitaji maji, hewa, mwanga, na chumvi chache kama zile zilizomo katika mbolea. Kazi ya udongo ni kuvihifadhi vitu hivyo na kuishika mizizi. Wataalamu wa Ujerumani, Sachs na Knop, walilithibitisha jambo hili katika miaka ya 1860. Katika miaka ya 1930 Bwana Gericke wa Chuo Kikuu cha California alikuza nyanya katika maji, na elimu hiyo ikaitwa haidroponiki.

Linalotuhusu sisi wa Nduguti ni malisho. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na kiangazi mbuzi hutafuta jani bichi asilione. Huko Algeria, katika kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi, jangwani kabisa, familia zimefundishwa kuotesha shayiri kwa ajili ya mbuzi wao. Punje huloweshwa, hutandazwa kivulini katika masinia yenye matundu, na hunyunyiziwa maji kila siku. Baada ya juma moja huwa kama mkeka wa majani na mizizi, na mnyama huula wote.

Tuliposikia hayo tulifurahi, na hapo ndipo tulipojikwaa. Shayiri hatukuwa nayo, bali mtama tulikuwa nao ghalani. Tukajifariji kwamba kimea cha mtama hunywewa katika togwa, tukasahau kuwa kimea huanikwa na husagwa. Bwana Mifugo hatukumwuliza. Mtama ukachipua vizuri mno, tukampa mwanachama mmoja, mama mjane, alishe mbuzi wake. Mbuzi wawili wakaanza kuhema na kutetemeka, wakafa kabla ya jua kutua.

Ndugu wanachama, chipukizi za mtama zina sumu iitwayo sianidi. Mfugaji azuiaye mifugo isiingie katika mtama mchanga ana sababu. Mama yule tulimlipa mbuzi wake, na kosa letu limeandikwa katika kitabu cha mikutano. Tunalitaja leo, mbele ya wageni, kwa sababu Chama kinachoandika faida peke yake hakiwafundishi watu wake.

Tena yafaa tuijue hesabu. Kilo 1 ya shayiri yaweza kutoa kilo 6 hivi za malisho mabichi, lakini uzito ulioongezeka ni maji. Chakula kikavu kilichomo hakizidi kile cha punje, bali hupungua kidogo. Kwa hiyo masinia hayazalishi chakula kutoka hewani. Humpa mbuzi anyonyeshaye jani bichi wakati ambapo hakuna. Mwenye kuuza gunia la nafaka ili anunue masinia kwa tamaa ya kilo sita amenunua maji.

Basi shauri letu ni hili. Mtama usioteshwe kwa malisho kamwe. Tumieni shayiri, au mahindi yasiyotiwa dawa ya kuhifadhia. Sinia likiota ukungu, litupwe lote. Fedha ya Chama isiguswe mpaka wanachama wachache wajaribu kwa masinia mawili matatu kiangazi kizima, wapime nafaka na maziwa, waandike, na Bwana Mifugo aone.

Tukifanya hivyo, mkutano ujao utaamua kwa hesabu, wala si kwa maneno matamu. Chama chetu na kidumu.