Baba wa Mbuzi Huyu ni Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Sisi tunatoka Tharaka. Hatukuja kujisifu, tumekuja kuwaambia tulipokosea ili nanyi msikosee.

Kikundi chetu kilikuwa na beberu mmoja wa Toggenburg, aina ambayo asili yake ni Uswisi. Tulimpandisha kwa mbuzi wa kienyeji, tukapata chotara wenye maziwa mazuri. Basi tukamwacha papo hapo miaka minne. Alipanda mama, kisha akapanda binti zake. Watoto wakaanza kuzaliwa wadogo, wengine hata kusimama hawawezi. Watu wakasema ni kijicho. Tulipofungua daftari tukaona ni sisi wenyewe. Binti ana nusu ya damu ya beberu. Akizaa na baba yake, mtoto anakuwa na robo tatu. Kasoro zilizojificha zinakutana hapo.

Siku hizi tunabadilishana mabeberu na kikundi jirani kabla binti hawajafikia kupandwa. Hilo halina gharama, ni kuelewana tu.

Jambo la pili ni mimba. Mbuzi hubeba mimba karibu siku 150, yaani miezi mitano. Akipandwa mapema Machi, mngojee mwishoni mwa Julai. Andikeni tarehe! Baada ya wiki tatu mwangalieni: akitafuta beberu tena, hakushika. Miezi miwili ya mwisho ndipo mtoto anapokua sana tumboni. Mwongezeeni majani ya lusina au ya viazi vitamu, chumvi ya mawe na maji safi. Kama bado anakamuliwa, acheni ili apumzike. Asipigwe, asisukumwe mlangoni. Dawa ya minyoo msimpe kabla ya kumwuliza afisa wa mifugo, maana ziko zinazodhuru mimba changa.

Akizaa, pakeni kitovu cha mtoto dawa ya ayodini, naye anyonye dang'a mapema, saa zile za kwanza. Dang'a si uchafu wa kumwaga, ndiyo kinga yake.

Jambo la tatu: msimalize mbuzi wa kienyeji. Chotara anataka chakula kingi. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, wa kienyeji na Galla ndio waliovumilia zaidi. Kila boma sasa linabakiza majike wawili watatu wa kienyeji, na beberu wao mbali. Tukiwapoteza hao, mbegu yao hatutaipata dukani.

Basi mkirudi nyumbani, simameni zizini mwulizane: baba wa mbuzi huyu ni nani? Kama hakuna anayejua, nunueni daftari kesho.