Malawi: Muuguzi na Msimamizi Wake

Chuo cha Uuguzi cha Kamuzu nchini Malawi kilifunguliwa mwaka 1979. Kwa miaka mingi mhadhiri wake aliyetaka shahada ya uzamivu alivuka mpaka kuitafuta Afrika Kusini, na wengine walikwenda mbali hadi Marekani. Mwaka 2021 chuo hicho kiliunganishwa na Chuo cha Utabibu kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya cha Kamuzu. Kusomea uzamivu nyumbani ni hatua ya kupongezwa, ila hatua hiyo ina mtego wake, si kwa Malawi peke yake.

Katika nchi yenye wauguzi wachache wa shahada hiyo, anayesahihisha tasnifu huweza kuwa ndiye mkuu wa idara, ndiye anayetia sahihi likizo, tena ndiye anayependekeza nani apandishwe cheo. Mwanafunzi naye si mtoto. Huenda ni mama wa miaka arobaini na zaidi, aliyewahi kuongoza wodi ya wazazi usiku kucha. Sura yake ya pili ikikaa mezani kwa msimamizi miezi mitatu, atauliza kwa mdomo gani? Wodini amefunzwa kutii, na utii huo huokoa wagonjwa. Katika utafiti utii wa namna hiyo huua swali kabla halijaulizwa.

Kenya ilijaribu kutumia hesabu. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 iliweka kikomo cha wanafunzi watatu wa uzamivu kwa msimamizi mmoja. Kikomo ni kizuri, lakini hakimzuii msimamizi wa watatu kuwatendea kama makarani wake.

Mpango wa CARTA, ulioanza mwaka 2008 ukiongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, ulifuata njia yenye busara zaidi: watafiti wa afya kutoka vyuo mbalimbali, Malawi ikiwamo, hupitia semina nne za pamoja, hivyo kazi ya mwanafunzi husomwa na macho mengi.

Vyuo vya kanda hii vinaweza kuongeza mapatano ya maandishi yanayotaja siku za kurudisha sura, msimamizi wa pili kutoka nje ya idara, na kamati inayoweza kumbadilisha msimamizi bila cheo cha mwanafunzi kuguswa. Mkuu wa idara asiwe mjumbe wa kamati hiyo.