Upanga na Sufuria

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya jumuiya ya Masingasinga katika sherehe za maadhimisho ya Hekalu



Mlipotualika, mlituomba tuseme neno juu ya namna sisi Masingasinga, au Makalasinga kama tunavyoitwa sokoni, tunavyohifadhi mila zetu za kivita na desturi yetu ya kuwahudumia watu, ilhali tunaishi mbali na Punjab. Tuliipokea barua yenu kwa furaha. Baada ya kuisoma mara ya pili tuliona haya kidogo, kwa sababu swali hilo limekuwa likitusumbua wenyewe, na majibu yetu si yote ya kujivunia.

Kabla ya yote, tukiri deni. Ile sufuria kubwa ya shaba mliyotuazima wakati wa Vaisakhi bado imo jikoni mwetu. Hatukuisahau. Tutaeleza baadaye kwa nini imekawia.

Haifai kuuzungumzia upanga wetu ndani ya hekalu bila kuanzia mwaka 1675. Kwa mapokeo yetu, mwaka huo mapandit kutoka Kashmir walifika Anandpur kwa Guru Tegh Bahadur, Guru wetu wa tisa, wakilalamika kwamba watawala wa Mfalme Aurangzeb wanawashurutisha kuiacha dini yao. Guru hakuwa mtu wa dini yao. Uzi mtakatifu wa janeu, ambao mapandit hao walitishiwa kuupoteza, Guru Nanak, mwasisi wa njia yetu, anasimuliwa kuwa aliukataa tangu utotoni. Hata hivyo Guru Tegh Bahadur alikwenda Delhi. Wenzake watatu waliuawa mbele yake, kisha naye akakatwa kichwa pale Chandni Chowk, mwezi wa Novemba. Alikufa akitetea uzi ambao yeye mwenyewe hakuuvaa.

Tunaitaja habari hii kwa uangalifu, maana wako watu, wa kwetu na wa kwenu, wanaoitumia kuwapaka matope majirani zetu wa msikitini. Hao wameikata habari katikati. Miaka 13 baadaye, katika vita vya Bhangani, aliyekuja kumsaidia Guru Gobind Singh pamoja na wanawe na wafuasi wake alikuwa Pir Budhu Shah, Mwislamu, na baadhi ya wanawe wakafia pale. Dhuluma ilikuwa ya dola. Waliosimama upande wa wanyonge walitoka kila dini.

Guru Gobind Singh alikuwa mtoto wa karibu miaka tisa kichwa cha baba yake kilipoletwa nyumbani. Alipokuwa mtu mzima, siku ya Vaisakhi mwaka 1699, aliuliza mbele ya umati nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Watano walijitokeza, na hao ndio mwanzo wa Khalsa. Wengi wenu asili yenu ni Kathiawar, kwa hiyo huenda mkafurahi kukumbushwa kwamba mmoja wa watano hao, Mohkam Chand, alitoka Dwarka. Mwingine alikuwa mchota maji kutoka Puri, na mwingine kinyozi kutoka Bidar. Wakuu wa siku hizo hawakuwahesabu watu wa namna hiyo kuwa mashujaa. Maji waliyonyweshwa yalikorogwa kwa upanga wenye makali pande mbili ndani ya bakuli la chuma, na wazee wetu husimulia kwamba mke wa Guru alitia humo vipande vya sukari. Tangu siku ya kwanza, basi, chuma kilikuja na utamu wake.

Ipo kauli ya kale kwetu inayotaja vitu viwili pamoja, deg na tegh. Deg ni sufuria ya kupikia chakula cha wote, na tegh ni upanga. Kauli hiyo iliandikwa hata kwenye sarafu za watawala wa Kisingasinga. Tazameni mpangilio wake: sufuria imetangulia.

Katika vita vya kuuzingira Anandpur, Bhai Kanhaiya alishtakiwa kwa Guru kwamba anawanywesha maji askari wa adui waliojeruhiwa. Alipoulizwa, alijibu kwamba hakuona adui, aliona watu wenye kiu. Guru hakumkaripia. Alimpa dawa na bandeji, akamwambia aendelee. Watoto wetu wote wanaijua hadithi hii, lakini ni nadra kumwona mtoto akitaka kuigiza nafasi ya Kanhaiya. Wote wanataka upanga.

Na wazee hatuna budi kujilaumu, maana ndio tuliowafundisha kupenda upande mmoja. Kutani mwetu ipo picha ya Saragarhi, ambapo tarehe 12 Septemba 1897 askari 21 wa Kisingasinga walipigana mpaka mtu wa mwisho. Ushujaa wao hauna shaka. Lakini walikuwa wakilinda ngome ya Waingereza, katika nchi ya watu wengine. Punjab yenyewe ilikuwa imetwaliwa na Waingereza hao hao mwaka 1849. Katika miaka ya 1890 askari wa kwetu waliletwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kuwasaidia wakoloni kuitiisha nchi. Upanga uliotolewa kwa ajili ya mapandit wa Kashmir ukawa wa mshahara. Hatusemi haya ili kuwavunjia heshima marehemu, ambao wengi walikuwa wana wa wakulima waliohitaji riziki. Twasema kwa sababu mtu akihifadhi mila bila kuuliza ilitumikia nini, anaweza kuhifadhi ala na kupoteza upanga.

Waliotuleta sisi hapa hawakuja na bunduki. Walikuja na nyundo, randa na misumari, kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria kuanzia mwaka 1896. Mafundi hao ndio waliotuachia mfano tunaouelewa zaidi. Mwaka 1926 walijenga gurudwara ya Makindu, kando ya reli, na leo yeyote asafiriye kati ya Nairobi na Mombasa anaweza kusimama pale akala chapati na dengu bila kuulizwa dini wala nauli. Dereva wa lori, mchungaji wa kanisa, familia inayokwenda pwani likizo, wote wanaketi pamoja. Hakuna shujaa aliyechorwa ukutani kwa kukanda unga wa Makindu, ingawa unga huo umekandwa kwa karibu miaka mia moja.

Watoto wetu wakimtaja Kalasinga mashuhuri wa Kenya, humtaja Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mara tatu, na hatuwakatazi, sisi wenyewe tulisimama kando ya barabara tukimeza vumbi lake. Lakini tunapenda wamjue pia Makhan Singh. Mwaka 1935 aliongoza chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo serikali ya kikoloni haikulipenda. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Katikati ya Mei alikuwa amekamatwa, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Miaka 11 kizuizini, bila kumpiga mtu hata kofi. Kwa maoni yetu, yeye yuko karibu na Guru Tegh Bahadur kuliko wale wa kwenye picha yetu ya ukutani.

Sasa turudi kwenye gatka, ambayo nyote mmeiona ikichezwa siku ya maandamano yetu. Ni mchezo wa kale wa mafunzo ya silaha, ambao mtoto huuanza kwa fimbo na ngao ndogo. Kwanza hujifunza hatua za miguu, kwa majuma mengi, kabla hajaruhusiwa kupiga. Kila mchezaji huinamia silaha kabla ya kuigusa. Mwalimu wetu husema kwamba mkono wenye haraka ni mkono wenye woga, na vijana wetu, tunakiri, wana haraka.

Vaisakhi iliyopita walicheza vizuri mno. Fimbo ziliruka, umati ukashangilia, simu zikainuliwa kila upande. Walipomaliza walipiga picha, wakapanda magari, wakaenda zao. Mmoja wetu aliingia jikoni kutafuta chai akawakuta akina mama watatu, mdogo wao ana miaka sabini na ushei, wakiosha sahani za watu mia nne. Kando yao ilikuwako sufuria yenu ya shaba, imeungua chini. Hapakuwa na mkono wenye nguvu ya kuiinua, na aliyeachiwa kuukoroga wali alikuwa mzee asiyeona vizuri. Hiyo ndiyo sababu imekawia. Tulikuwa na mashujaa 14 siku hiyo, na hatukupata hata mmoja wa kuinua sufuria.

Kamati yetu ilikaa mara tatu juu ya jambo hili, na haikuwa mikutano ya upole. Wengine walisema vijana wasisumbuliwe, wasije wakakimbia kabisa. Hoja hiyo ina uzito. Safu zetu zimepungua, kama zenu. Kila mwaka tunawaaga watoto wanaokwenda Uingereza na Kanada, na wachache wanarudi. Huko ng'ambo wenzetu wamepigania haki ya kuvaa alama zetu na wakaipata. Uingereza iliruhusu kilemba badala ya kofia ya pikipiki mwaka 1976, na Mahakama Kuu ya Kanada ikamruhusu mwanafunzi kwenda shuleni na kirpan yake, kwa masharti, mwaka 2006. Tunashukuru. Lakini mahakama inaweza kukuruhusu kuvaa upanga, haiwezi kukuambia umevaa kwa ajili ya nani.

Mwishowe tuliafikiana, kwa kura chache tu za ziada. Hakuna atakayeshika fimbo ya gatka asipotimiza zamu yake jikoni wiki hiyo, awe mtoto wa mwenyekiti au wa mlinzi wa lango. Wasichana watafundishwa sawa na wavulana. Vijana wawili wamekwisha kuacha, na inatuuma. Wengine sita wamebaki, na mmoja wao sasa anapika chapati zinazokaribia kuwa duara.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Baadhi ya wazee wetu walisema gatka ni amana ya Khalsa, isifundishwe kwa watoto wa nje. Tuliwasikiliza, maana wanaogopa kitu cha kweli: mambo matakatifu hugeuka mazoezi ya viungo upesi sana. Lakini mmoja wao, aliyekuwa mkali kuliko wote, alinyamaza kitambo, akauliza kama Guru Tegh Bahadur aliwauliza wale mapandit wanatoka upande gani. Baada ya hapo hatukuwa na la kubishana.

Kwa hiyo tumekuja na mwaliko. Watoto wa hekalu hili, na wa nyumba zote za mtaa, wa madhehebu yoyote, wanakaribishwa kujifunza pamoja na wetu kwa sharti lile lile la zamu ya jikoni. Nasi tunaomba ruhusa vijana wetu waje kuwasaidia siku mnapogawa chakula, waoshe vyombo vyenu kama wanavyotakiwa kuosha vyetu. Sufuria imekwisha kupelekwa kwa fundi. Italetwa na wale wale walioiacha, kwa miguu, wakiibeba wenyewe kupita sokoni.

Darasa ni kila Jumapili, saa tisa alasiri, uani nyuma ya jiko. Watoto waje na viatu vya raba. Fimbo tunazo.