Ramani Mbili za Mahali Pamoja



Mtakaoomba masomo ya ng'ambo mtakutana na mtihani wa IELTS. Nimeona vijana hodari wakikosa nafasi kwa insha ya ramani: dakika 20, maneno yasiyopungua 150.

Chukueni milima yetu. Ramani ya zama za Wajerumani ina Wilhelmsthal, na Neu-Hornow penye waya wa kushushia magogo hadi Mkumbara. Ya leo ina Lushoto na Shume, waya haupo. Andikeni hayo tu: jina lilibadilishwa, waya uliondolewa. Kiingereza hapo hutaka kauli ya kutendwa. Sababu za msitu kukatwa tunazijua, nasi watu wa milimani twapenda kusimulia, lakini msahihishaji hakuziuliza. Tangulizeni badiliko kubwa, kisha mengine kwa pande zake, kaskazini hadi kusini.