Nguvu Si Ukakamavu: Maneno Machache Kuhusu Boriti za Maktaba Yetu



Nimeombwa nizungumze juu ya uhandisi kwa dakika chache, kabla chakula hakijapoa. Nimeonelea nisiende mbali, maana kamati yetu ya ujenzi ina jambo mezani linalogusa michango yetu sote. Sakafu ya juu ya maktaba itabebwa na boriti kuu za chuma, na juu yake mbao. Baadhi ya ndugu wamependekeza tununue chuma cha daraja la juu, chenye bei kubwa zaidi, ili sakafu isinepe. Nia yao ni njema. Lakini fedha hizo zitanunua kitu kingine kabisa, na sakafu itanepa vilevile.

Katika mazungumzo ya kawaida tunasema kitu ni "kigumu" tukichanganya mambo mengi. Mhandisi hana budi kuyatenganisha. Nguvu ni mzigo ambao kitu kinaweza kuubeba kabla hakijakatika au kupinda moja kwa moja. Ukakamavu ni namna kinavyokataa kurefuka au kunepa wakati bado ni kizima. Mshipi wa nailoni wa mvuvi una nguvu, lakini ukiuvuta unarefuka. Chaki hainepi hata kidogo, lakini mnakumbuka jinsi ilivyokuwa ikikatika mkononi mwa mwalimu.

Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kwamba springi hurefuka kwa kadiri inavyovutwa: ukiongeza mzigo mara mbili, nayo hurefuka mara mbili. Kipimo tunachotumia leo kimepewa jina la Thomas Young, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1807, ingawa Euler na Riccati walikwisha kuipita njia hiyo kabla yake. Ndivyo majina yanavyogawiwa.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Gawa mzigo kwa eneo la mkato wa waya; huo ni mkazo. Kisha gawa kiasi waya ulichorefuka kwa urefu wake wa mwanzo. Jibu la kwanza ukiligawa kwa la pili, unapata moduli ya Young. Kwa chuma ni karibu nyutoni 200,000 kwa kila milimita mraba, alumini 70,000, mbao, ukifuata nyuzi zake, karibu 10,000, ingawa miti hutofautiana sana. Chukua waya wa chuma wa mita 2, wenye mkato wa milimita mraba 1, uning'inize kilo 10, yaani karibu nyutoni 100. Utarefuka milimita 1. Wa alumini utakaribia milimita 3.

Sasa tufike kwenye shauri letu. Chuma cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja mkazo ukifika nyutoni 250 hivi kwa milimita mraba. Cha daraja la juu huweza kufika 460. Lakini moduli ya vyote viwili ni ile ile 200,000. Ukakamavu hutokana na jinsi atomi za chuma zinavyoshikana, na mshikano huo haubadiliki sana kwa kuongeza kaboni kidogo au kwa kukipitisha chuma motoni. Hivyo vinavyobadilika ni wepesi wa tabaka za atomi kuteleza, na hiyo ni habari ya nguvu. Na hapa pana hatari: muuzaji atawaambia kwamba kwa kuwa chuma chake kina nguvu zaidi, boriti nyembamba zitatosha. Hazitavunjika, ni kweli. Lakini zitanepa kuliko zile za kwanza.

Dawa iko katika umbo. Tazameni rula hii, upana milimita 30, unene milimita 3. Ikilala inapinda kwa kidole. Nikiisimamisha kwa ubavu, hesabu inasema imekuwa kakamavu mara 100. Ni rula ile ile, hatukuongeza hata senti. Kimo cha boriti huingia katika hesabu mara tatu, kimo kwa kimo kwa kimo. Upana huingia mara moja tu.

Tuchukue ubao wa maktaba yetu: upana milimita 50, kimo 200, ukivuka mita 4 na kubeba karibu kilo 100 kwa kila mita. Katikati utanepa milimita 10. Tukiongeza kimo kiwe 250, yaani mbao zaidi kwa robo tu, utanepa milimita 5 na kidogo. Lakini tukiacha kimo kile kile na kuupanua ukumbi hadi mita 5, utanepa zaidi ya milimita 24. Wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Unguja hawakuandika hesabu hii, lakini waliitii. Boriti zao zilikuwa za mikoko, na ndiyo maana vyumba vile ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi havifiki mita 3 kwa upana. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Omani na Ghuba, na huko nako zikapanga upana wa vyumba.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ushauri wangu ni chuma cha kawaida chenye kimo kikubwa zaidi, mbao za kimo cha 250, na ukumbi usizidi mita 4 kati ya boriti na boriti.

Liko na neno moja la vitabu. Watu huingia na kutoka, lakini vitabu vinakaa usiku na mchana, na mbao chini ya mzigo wa daima huendelea kunepa polepole mwaka hadi mwaka, pengine kwa nusu nyingine ya ule unepaji wa kwanza au zaidi, hasa zikiwekwa mbichi. Mbao zikaushwe vizuri kabla ya kupandishwa, na rafu nzito zikae karibu na kuta, si katikati ya sakafu. Katikati waachieni wasomaji na viti vyao.