Chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa: Tuwaambie Wafugaji Ukweli

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wainjilisti na wafugaji)



Ndugu wainjilisti, wazee wa usharika na wafugaji, mama mmoja aliniuliza: "Mratibu, kama chanjo ni nzuri, mbona kondoo wangu walitupa mimba baada ya kuchanjwa?" Swali hili tusilikemee. Tulijibu.

Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa na wataalamu mwaka 1931, kutoka eneo la Naivasha, Kenya. Virusi vyake huenezwa na mbu, hasa baada ya mvua kubwa. Huharibu ini, wana-kondoo hufa kwa wingi na majike hutupa mimba. Katika mlipuko wa 2006 hadi 2007 tulizika watu hapa Tanzania, na nyama ikakosa wanunuzi.

Chanjo iliyotumika kwa miaka mingi, iitwayo Smithburn, ina virusi hai vilivyopunguzwa nguvu. Dozi moja hutoa kinga ya muda mrefu. Lakini kwa jike mwenye mimba virusi hivyo vinaweza kumfikia mtoto tumboni, mimba ikatoka au mtoto akazaliwa na kilema.

Wataalamu wakatafuta chanjo zenye upole zaidi. Mojawapo ni MP-12. Ilipojaribiwa kwa kondoo Afrika Kusini, taarifa ya 2002 ilieleza kwamba baadhi ya waliochanjwa mwanzoni mwa mimba walitupa mimba au walizaa watoto wenye kasoro. Nyingine ni Clone 13. Taarifa ya 2016 ilionyesha kwamba dozi kubwa kupita kawaida, ikitolewa mwanzoni mwa mimba, inaweza kumdhuru mtoto.

Je, tuikatae chanjo? Hapana. Majaribio hufanywa ili madhara yajulikane mapema, nasi tujue nani achanjwe na lini. Kosa ni kuyajua na kunyamaza. Nakiri kwamba sisi wa mradi tulipita vijijini tukihimiza watu walete mifugo yote. Yule mama hatukumwuliza kama kondoo wake wana mimba. Huenda ilikuwa chanjo, huenda ugonjwa ulikuwa umeshaingia zizini. Sasa hatuwezi kujua, kwa sababu hatukuuliza.

Kwa hiyo tukubaliane haya:

1. Chanja mapema, kabla ya mvua na kabla ya kupandisha. Mlipuko ukishaanza, sindano inayotumika kwa mnyama zaidi ya mmoja inaweza kueneza virusi.

2. Mwambie daktari wa mifugo ni majike gani wenye mimba, na umwulize chanjo ni ya aina gani. Ipo ya virusi vilivyouawa, ambayo ni salama kwa wenye mimba, ila lazima irudiwe.

3. Mimba iliyotoka usiishike kwa mikono mitupu. Toa taarifa. Maziwa yachemshwe na nyama iive vizuri.

Wainjilisti, ninyi watu wanawaamini. Mkitangaza siku ya chanjo baada ya ibada, tangazeni na tahadhari zake. Mchungaji anayelijua kundi lake anajua pia jike yupi ana mimba. Nasi tunaomleta mtaalamu zizini kwake tuna wajibu wa kumwuliza kwanza.