Paka Anapojikuna Sikio

Mazungumzo na familia zilizohamia Muscat karibuni



Mji huu una paka wengi. Mutrah utawakuta sokoni, Ruwi utawakuta chini ya magari, na haichukui muda mtoto atakuja na mmoja mlangoni. Wangu alikuja naye. Yule paka alikuwa akitikisa kichwa na kujikuna mpaka nyuma ya sikio pakatoka damu. Ndani mlikuwa na uchafu mweusi mkavu, kama kahawa inayobaki chini ya kikombe.

Nikachukua kijiti cha pamba, nikasukuma ndani. Nilikosea. Kijiti hushindilia uchafu, na kinaweza kutoboa ngoma ya sikio.

Ule ulikuwa utitiri wa masikio, vidudu vidogo sana vinavyohama kutoka paka mmoja kwenda mwingine wakigusana. Lakini weusi wa sikio unaweza pia kuwa ukungu au usaha, na dawa zake ni tofauti. Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa wanyama. Ukiuliza njia kwa Kiarabu, sema "baitari". Ataangalia sikio kwa taa, ahakikishe ngoma ni nzima, kisha atoe dawa: ya matone sikioni, au ile inayotiwa kwenye ngozi ya shingo, nyuma, pale ambapo paka hafiki kujilamba.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo wengi tunapoanguka. Siku chache baada ya dawa kuanza, paka hutulia. Mimi nikasema kapona, nikaacha. Kumbe mayai yalibaki. Yai huanguliwa kwa siku kama 4, na kidudu hukomaa kwa wiki kama 3. Matone mengi huua wakubwa, hayaui mayai. Mwezi haukuisha, tukarudi tulipoanza, na gharama mara mbili. Basi maliza dawa kwa siku zote alizokuandikia daktari, na watibiwe wanyama wote wa nyumbani siku moja, hata asiyejikuna.

Usimtie mafuta ya taa wala dawa ya mbuzi. Na dawa ya viroboto ya mbwa usiiguse: nyingi zina permethrin, ambayo ni sumu kwa paka, humtia mtetemeko na degedege, na inaweza kumuua. Soma kibandiko, au mwombe jirani akusomee.

Watoto msiwaogope. Utitiri huu hauweki makazi kwa binadamu, japo huweza kumwasha mtu kwa muda. Ila paka akimng'ata au akimparura mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mkimbize kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Paka wetu sasa analala, hajikuni.